Moshi Ulivyoingia Ndani: Tumbaku, Baa na Wahudumu wa Uvira

Zamani, kabla ya sigara, watu wa Ziwa Tanganyika walikuwa na namna ya kutumia tumbaku isiyomkera jirani hata kidogo. Richard Burton, Mwingereza aliyefika ziwani mwezi wa Februari 1858 pamoja na mwenzake John Speke, aliiona kwa Wajiji, ng'ambo ya mashariki, akaiandika. Mtu alitembea na kijungu kidogo au pembe yenye tumbaku. Akitaka starehe yake alitia maji, akayakamua majani, akamimina ule mchuzi mweusi kiganjani na kuuvuta puani. Kisha alibana pua, kwa vidole au kwa kibanio cha chuma au cha mti, akatulia hivyo dakika kadhaa mpaka kileo kimwingie. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipita huko huko akakuta wanaume wameketi, pua zimebanwa, na wanajaribu kuongea mambo mazito kwa sauti hizo.

Nilifundisha historia katika sekondari hapa Uvira, upande wa Kongo wa ziwa, mpaka nikastaafu, na kila mwaka wanafunzi walicheka nilipofika hapo. Niliwaacha wacheke hadi wachoke, halafu nikawauliza: katika baraza ile, nani aliumia kwa tumbaku ya mwenzake? Darasa lilinyamaza. Hakuna. Kila mtu aliumia kwa yake mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kilibula, mtaa wa Uvira, na nimesomeshwa kwa pesa ya bia. Mama yangu alikuwa na nganda, baa ndogo ya watu wa kawaida, na sisi watoto tulifua vitambaa vya meza, tukapanga kreti, tukaosha glasi. Kwa hiyo swali lile halikuanzia darasani. Nimeishi nalo tangu utotoni: kwa nini kikohozi cha jioni kilikuwa cha mama na dada waliohudumu, hali hakuna kati yao aliyevuta? Jibu la daktari mnalijua. Mimi nina jibu la mwalimu wa historia, nalo ni kwamba moshi haukuzaliwa ndani ya baa zetu. Uliingia, kwa njia zinazojulikana na kwa miaka inayohesabika.

Turudi kwanza kwa Burton. Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi yake ilifika Uvira, kituo cha mwisho kaskazini ambako wafanyabiashara waliruhusiwa kufika wakati huo. Alikuja kutafuta mto unaotoka ziwani kwenda Nile. Akaambiwa kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki, na wapiga makasia wake Wajiji wakakataa kata kata kusonga mbele. Uvira aliyoikuta ilikuwa soko: pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti, vifaa vya chuma. Tumbaku nayo ilikuwa imeshaenea kote ziwani, ingawa asili yake ni Amerika na Wareno ndio walioileta pwani za Afrika katika karne ya 16. Ilitangulia wazungu kufika huku bara, ikapandwa nyuma ya nyumba kama mboga, na watu wakaipa adabu zao.

Adabu hizo hazikuwa za pua peke yake. Kiko nacho kilikuwepo. Bibi yangu mzaa mama alivuta kiko cha udongo, jioni, nje, karibu na mlango wa jiko, juu ya kigoda ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Alivuta polepole, kikazimika, akakiwasha tena kwa kaa la moto, kikazimika tena. Mtoto akimsogelea alimfukuza kwa mkono. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha afya. Kwa watu wa umri wake tumbaku ilikuwa starehe ya mtu mzima aliyeketi mahali pake, na mahali pake palikuwa nje.

Sigara ilivunja mpangilio huo. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipewa hataza ya mashine ya kusokota sigara, iliyoweza kutoa zaidi ya laki moja kwa siku, kazi ambayo awali ilihitaji mikono ya watu wengi. Mwaka 1902 makampuni ya Uingereza na Marekani yakaungana kuunda British American Tobacco, na mwaka 1928 kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Jinja, Uganda. Wakati huohuo njia za kuja kwetu zilikuwa zinafunguka. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya Wabelgiji ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwaka 1915. Meli ziliunganisha bandari hizo na Kalundu, bandari yetu. Na kutoka Kalundu reli ndogo ya CEFAKI ilipanda bonde la Rusizi mpaka Kamanyola kuanzia 1931 hadi 1958. Bidhaa za dukani zilipita humo: chumvi, sabuni, vitambaa, viberiti, na paketi za sigara.

Tofauti ya sigara na kiko cha bibi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiko kisipovutwa huzima. Sigara huendelea kuungua yenyewe katikati ya vidole, juu ya kisahani, ukingoni mwa meza, hata mwenyewe akiwa ameisahau kwa ajili ya maongezi. Moshi unaotoka kwenye ncha hiyo haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu yeyote, na huo ndio sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani. Tena sigara huuzwa moja moja. Asiye na pesa ya paketi anayo ya sigara mbili, na mbili hizo zinatosha jioni nzima.

Mkoloni alileta pia hoteli, na hoteli ilileta kazi ambayo mababu hawakuijua: kusimama nyuma ya kiti cha mtu anayevuta. Mhudumu wa hoteli za wazungu alivaa nyeupe, alibeba sinia, na mfukoni aliweka kiberiti. Mgeni akitoa sigara, kiberiti kiwe tayari. Cité, upande wa Waafrika, nako baa zilichipuka, hasa baada ya bia za viwandani kusogea karibu. Bralima ilitengeneza Primus Bukavu, na ng'ambo ya pili, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960 wenye hoteli walibadilika, majina yakabadilika, nchi yenyewe ikaja kuitwa Zaire. Kiberiti cha mhudumu kilibaki palepale mfukoni.

Nganda ya mama ilikuwa ya miaka ya Zaire. Ilikuwa na nguzo za miti, paa la nyasi, ukuta wa matete uliofika kiunoni, na sakafu ya udongo iliyomwagiwa maji kila alasiri ili vumbi litulie. Tuliuza Primus, tuliuza kasiksi ya ndizi kwa wasio na uwezo wa Primus, na mbele, kando ya barabara, mama mmoja alikodi nafasi ya mbabula yake, jiko la makaa, akichoma samaki aina ya mukeke na ndizi. Wavutaji walikuwa wengi. Lakini anayeijua Uvira anaujua upepo wake: mchana unatoka ziwani, na usiku unashuka kutoka milima ya Mitumba kurudi ziwani. Nganda isiyo na kuta ilipigwa na upepo pande zote mbili. Moshi ulipita kichwani ukaenda zake.

Hata hivyo kulikuwa na desturi moja ambayo upepo haukuisaidia, na bado ipo. Mteja anatoa sigara, hana kiberiti, au anacho lakini anataka kuhudumiwa.

"Dada, uniwashie."

"Ndiyo, shefu."

Dada anaichukua, anakwenda kwenye mbabula, anainama juu ya makaa ya samaki, anaitia mdomoni mwake mwenyewe, anavuta mara mbili tatu mpaka ncha ikolee, kisha anamrudishia mteja huku amegeuza uso ili asimkoholee usoni. Kwa jioni yenye wateja wengi atafanya hivyo kwenye kila meza. Ukimuuliza kama anavuta sigara atakuapia kwamba hajawahi. Na anasema kweli, kwa jinsi anavyoielewa kweli: hajawahi kununua hata moja. Dada yangu mkubwa alifanya kazi hiyo kwa mama, kisha katika baa kubwa zaidi mjini, na midomo yake ilikuwa na doa jeusi dogo upande wa kushoto. Tulikuwa tukimtania kwamba ni alama ya cheo.

Kuta zililetwa na vita. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL mwezi wa Oktoba 1996, miezi kabla Kinshasa haijaanguka. Agosti 1998 vita vya pili vilianzia huku huku Kivu, na miaka iliyofuata mji ulipita mikono mingi. Kwa mtu wa baa, somo la miaka hiyo lilikuwa moja: usiku, usionekane. Kibatari kinachoonekana barabarani kiliita watu wasiotakiwa. Walioweza kununua tofali walijenga. Wasioweza walizungushia mabati na mahema ya plastiki. Mlango ukawa mmoja, wa chuma, unaofungwa kwa ndani mara tu giza linapoingia. Wateja waliingia mapema na wengine walilala humohumo juu ya mabenchi, kwa kuwa kurudi nyumbani kulikuwa hatari kuliko kukesha.

Katika vyumba hivyo moshi ulikaa. Hakukuwa na upepo wa ziwa wala wa mlima. Na waliovuta sana, miaka ile, walikuwa watu wenye bunduki. Nani angemwambia mwanajeshi, wa upande wowote, azime sigara yake kwa sababu dada wa baa anabanwa na kifua? Mteja wa kawaida akizidiwa aliweza kutoka uani kupumua. Mama hakuweza, alikuwa na pesa ya kulinda. Wahudumu hawakuweza, walikuwa na meza za kuhesabu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba katika baa kuna watu wa aina mbili, wanaopita na wanaobaki, na moshi ni wa wanaobaki.

Amani ya vipande vipande iliporudi, tungetegemea kuta zishuke. Hazikushuka, kwa sababu zilikuwa zimepata kazi nyingine. Televisheni ya setilaiti ilileta mpira wa Ulaya, na mpira unataka giza la chumba ili skrini ionekane, unataka mlango ili asiyelipa asiingie, unataka jenereta nje ili sauti yake isizidi ya mtangazaji. Jumamosi ya mechi kubwa watu hubanana mpaka mhudumu apite kwa ubavu na chupa juu ya kichwa. Timu ikikosa penalti, sigara huwashwa. Ikifunga, huwashwa pia.

Halafu maji. Baa nzuri zilizobaki wazi zilikuwa zile za ufuoni, paillote, yaani vibanda vya nyasi, zenye viti mchangani. Tangu mwaka 2019 ziwa limekuwa likipanda. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na ziwa lenyewe, mwaka huo, uliofuata, na tena 2024, lilikula fukwe, likaingia bandarini Kalundu, likafunika bustani na paillote pande zote mbili za mpaka, Uvira na Bujumbura. Wenye baa za ufuoni walihamisha viti vyao juu, kando ya lami. Huko walichokipata ni vyumba vya duka vya kupanga: mlango mmoja mbele, kidirisha kimoja nyuma chenye nondo, dari ya chini. Nimekaa katika kimoja cha vyumba hivyo msimu wa mvua, meza saba, watu kama thelathini, kopo la sardini kwenye kila meza kama kisahani cha majivu. Nilipofika nyumbani mke wangu alining'inizia koti nje. Msichana aliyetuhudumia angelivaa gauni lile tena kesho yake.

Basi hiyo ndiyo njia: kiwanda kilileta sigara, vita vikaleta kuta, mpira ukazihalalisha, na ziwa likawasukuma ndani hata wale waliobaki nje. Hakuna mhudumu aliyeulizwa katika hatua yoyote.

Duniani kwingine hatua zilikuwa tofauti lakini mtu wa mwisho alikuwa yuleyule. Mwaka 1981 Mjapani Takeshi Hirayama alitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 walioolewa, wasiovuta, kwa miaka 14; wake wa wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta. Makampuni ya tumbaku yalipigana na utafiti huo kwa nguvu zote, lakini zilizofuata ziliunga mkono. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wengine.

Kwa wahudumu ushahidi ni wa karibu zaidi. Heather Crowe wa Ottawa, Kanada, alihudumu mikahawani kwa miaka 40 hivi na hakuwahi kuvuta. Mwaka 2002 aliambiwa ana saratani ya mapafu. Alidai fidia ya ugonjwa wa kazini, akakubaliwa, kisha akatumia muda aliobakiwa nao kuzunguka nchi nzima akiwaomba wabunge na mameya wawalinde waliokuwa bado kazini. Alifariki mwaka 2006. California nayo ilikuwa imepiga marufuku sigara ndani ya baa kuanzia Januari 1998, na madaktari wakapima wahudumu 53 wa San Francisco kabla na baada. Kabla, 39 kati yao walikuwa na kikohozi, makohozi au kifua kinachopiga mluzi. Wiki chache baada ya sheria, 23 kati ya hao 39 walikuwa wamepona dalili hizo. Hawakupewa dawa yoyote. Waliendelea na kazi ileile, baa zilezile. Kilichotoka ni moshi.

Ireland ndiyo nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara ndani ya baa na maeneo yote ya kazi ya ndani, tarehe 29 Machi 2004. Nchi ya baa ile! Waliobashiri kwamba serikali itaangushwa na wanywaji walikuwa wengi. Lakini Ireland iliiweka hoja yake mahali pagumu kupingwa: sheria ni ya usalama kazini. Mvutaji hakukatazwa kuvuta; alikatazwa kumvutisha mfanyakazi. Mwanya wa kusema "asiyetaka moshi asije" ulizibwa, kwa kuwa mfanyakazi lazima aje.

Majirani zetu wamekwenda njia hiyo kila mmoja kwa mwendo wake. Uganda ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ilianzia mahakamani. Shirika la TEAN lilikwenda Mahakama Kuu likisema moshi katika maeneo ya umma unavunja haki ya kikatiba ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Mwezi wa Desemba 2002 Jaji Kiongozi Ntabgoba alikubali. Kanuni zikatungwa mwaka 2004, na mwaka 2015 ikaja sheria kamili ya tumbaku inayokataza sigara hata ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Tanzania ilipata sheria yake mwaka 2003, Kenya 2007, Rwanda 2013. Shisha ilipoingia mijini, Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda Desemba 2017.

Na sisi? Kongo iliridhia Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2005, na kifungu cha 8 cha mkataba huo kinadai watu walindwe dhidi ya moshi katika sehemu za kazi za ndani, katika vyombo vya usafiri wa umma na katika maeneo ya umma ya ndani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, karibu maneno yaleyale yaliyomshawishi jaji wa Kampala. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi wake. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, ya misingi ya afya ya umma, nayo imeigusa tumbaku. Karatasi tunazo. Ambacho sijakiona kwa macho yangu ni mkaguzi wa kazi akiingia katika baa ya Uvira kuuliza habari ya moshi. Huulizwa kodi, hati ya usafi, na bia ya mgeni.

Najua watakavyonijibu wenzangu. Mwalimu, mji huu una kipindupindu, una mafuriko, una risasi, nawe unazungumzia sigara? Nawajibu hivi: kipindupindu tunakipiga vita kwa mabomba na klorini, na hayo yanahitaji pesa ya serikali na ya wafadhili. Kuhamisha kopo la sardini kutoka meza ya ndani hadi kwenye mti wa nje hakuhitaji pesa ya mtu. Si kila tatizo linapaswa kusubiri kubwa kuliko lote liishe.

Wengine watasema wateja watahama. Wataenda wapi? Mvutaji wa Uvira haji baa kwa sababu ya sigara. Sigara anaweza kuivuta barabarani bure. Anakuja kwa mukeke wa moto, Primus baridi, mechi, na watu wake. Vyote hivyo vitabaki ndani. Yeye atatoka dakika tano na kurudi, na akirudi atakuta kiti chake.

Wapo pia wanaouliza, kwa haki, juu ya moshi wa mbabula. Mama mchoma samaki huvuta moshi wa makaa saa nyingi kuliko mhudumu avutavyo wa sigara. Ni kweli, na dawa yake ni moja: moto ukae nje, chini ya paa lisilo na kuta, upande ambao upepo unaupeleka mbali na mlango. Baa inayoweza kumtoa mama wa mbabula uani inaweza pia kumtoa mvutaji.

Feni haisaidii. Nasema hivi kwa kuwa wenye baa hupenda kuinunua wakadhani wamemaliza. Miongozo ya mkataba ule, iliyokubaliwa Bangkok mwaka 2007, iko wazi: hakuna kiasi salama cha moshi wa sigara, na kupepea au kutenga kona ya wavutaji ndani ya chumba kilekile hakumlindi mtu. Feni inausogeza moshi kutoka meza ya tatu hadi ya nne. Mhudumu anazihudumia zote mbili.

Mama yangu alifariki baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Hospitali haikuandika kwamba ni moshi, nami siandiki. Dada yangu mkubwa bado yupo. Aliacha baa akafungua duka la unga, na kikohozi chake kilipungua mwaka huohuo, kama cha wale wa San Francisco ambao hajawahi kuwasikia.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu watatu. Kwako mwenye baa wa Kilibula, Kimanga, Mulongwe na Kavimvira: sigara zivutwe nje, mbali na mlango na dirisha, na visahani vya majivu visionekane ndani. Mkataze mfanyakazi wako kumwashia mteja sigara kwa mdomo wake. Mteja mwenye mikono miwili ana uwezo wa kuwasha mwenyewe. Kwako mkaguzi wa kazi: ongeza swali moja katika orodha yako, maana Sheria ya Kazi inakuruhusu tayari. Na kwako mteja, hasa wewe mwanafunzi wangu wa zamani uliyecheka pua za Wajiji: ukitaka kuvuta, inuka utoke. Dada anayekuhudumia hawezi kutoka.